Wanafunzi wanauliza tunajuaje kwamba fuvu la Kalenga ni la Chifu Mkwawa wa Wahehe. Nilifundisheje?

TichaKilolo ameandika:

Habari za saa hizi wadau. Wakubwa wote shikamooni.

Nafundisha Historia shule ya kata huku Kilolo, Kidato cha Pili na cha Tatu. Mwezi uliopita tulifanikiwa kuwapeleka watoto makumbusho ya Kalenga. Wazazi walichanga nauli, asiyekuwa na hela alitoa debe la mahindi tukaliuza, na wazazi wawili walipanda nasi kwenye gari. Mwongozaji wa pale alitueleza vizuri mno, kuanzia Munyigumba baba yake Mkwawa, ngome, vita vya Lugalo na Wajerumani mwaka 1891 hadi Kalenga ilivyoanguka mwaka 1894. Mwisho tukasimama mbele ya kabati la kioo lenye fuvu.

Tunatoka nje, binti mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye darasani ukimwita jina anainamisha kichwa, akanifuata akaniuliza, "Mwalimu, kichwa kilikatwa 1898, kikarudi 1954. Miaka yote hiyo kilikuwa kwa watu. Walijuaje kwamba ni chenyewe?" Mwenzake akadakia kwamba Wazungu wana rekodi. Wa tatu akasema babu yake anasema sicho. Basi kwenye gari ni ubishi mtupu mpaka Ipogolo, na wazazi nao wakaingia.

Mimi nilifurahi sana, na nataka niseme kwa nini. Mada ya vyanzo vya historia tunaifundisha Kidato cha Kwanza, mwanzoni kabisa. Watoto wanaandika daftarini: masimulizi, maandishi, akiolojia, makumbusho, nyaraka, kila kimoja na faida tatu na hasara tatu. Wanaijua kama sala. Huyu binti naye anaijua. Ila pale Kalenga ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akiitumia, maana "walijuaje" ndiyo kazi nzima ya mwanahistoria.

Sasa ofisini nimegawanya watu. Mmoja anasema niache, hiyo ni heshima ya Wahehe na nitatafutwa na wazee. Mwingine anasema muhtasari hauna kipengele cha fuvu, nirudi kwenye mada. Mimi nataka nilifanye somo la kweli, watoto wapime ushahidi wenyewe. Ninachohitaji kwenu ni ushahidi gani upo ambao naweza kuuandika kwa mkono nikawapa, na nitaliendeshaje bila kuwavunjia wazee heshima. Aliyewahi kulifanya anisaidie.

---

MzeeGangilonga amejibu:

Marahaba mwalimu, na kamwene.

Mimi nimestaafu. Nimefundisha Historia Iringa na Njombe karibu maisha yangu yote ya kazi, na jambo hili nimelifanya darasani zaidi ya mara moja. Usiliache swali la huyo binti, wala usilijibu wewe. Wape ushahidi wahangaike nao.

Nitakuwekea ushahidi wenyewe kwa mpangilio niliokuwa nautumia. Kila kimoja kiandike kwenye nusu karatasi yake. Juu andika nani kasema, lini, akiwa wapi. Chini andika alichosema. Basi.

Karatasi ya kwanza ni ya Merkl. Huyu alikuwa sajini wa Kijerumani aliyeongoza doria iliyofuata nyayo za Mkwawa. Kwa maelezo yake, tarehe 19 Julai 1898, upande wa Mlambalasi, waliona watu wawili kando ya moto, wakadhani wamelala, wakafyatua risasi. Walipofika wakakuta Mkwawa kesha kufa, amejipiga mwenyewe. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Iringa kwa Kapteni Tom Prince. Watoto wakishasoma, ongeza jambo moja tu: Wajerumani walikuwa wametangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa. Halafu nyamaza. Uvumilie ule ukimya. Kuna mwaka kijana mmoja alinyanyuka akasema, "Basi Merkl alikuwa na sababu ya kutaka awe yeye." Mwenzake akamrudi kwamba na Prince naye alikuwa na sababu ya kuhakikisha, maana ndiye aliyekuwa na jukumu la kummaliza. Wa tatu akauliza ni nani pale bomani aliyekuwa anamjua Mkwawa kwa sura. Hayo maswali matatu hakuna kitabu cha kiada kitakachokupa.

Karatasi ya pili ni ya Byatt, Mwingereza aliyekuwa anasimamia nchi hii Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha. Novemba 1918 aliandika London akipendekeza fuvu lidaiwe kwa Wajerumani. Alisema litawafurahisha Wahehe, tena litakuwa uthibitisho kwamba nguvu ya Wajerumani imevunjika kabisa. Waache watoto waseme Byatt alikuwa anamjali nani hapo.

Karatasi ya tatu ni Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246. Hii usiisimulie, iandike kwa maana yake kamili ubaoni: ndani ya miezi sita Ujerumani itamkabidhi mfalme wa Hejaz Kurani ya asili ya Khalifa Othman, na ndani ya muda huohuo itaikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililoondolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani. Watoto wa Kilolo wakisikia kwamba jina la Mkwawa limo kwenye mkataba uleule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, utaona wanavyokaa wima. Lakini baada ya kukaa wima waulize: mkataba unasema fuvu lilipelekwa Ujerumani. Aliyeandika alilishuhudia, au aliambiwa? Na mbona miezi sita ilipita, miaka ikapita, fuvu lisije?

Karatasi ya nne ndiyo kiini, ya Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika. Mwaka 1953 alikwenda makumbusho ya Bremen, Ujerumani. Pale palikuwa na mafuvu kama 2,000, na kati ya hayo 84 yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Twining alichambua yale yenye vipimo vinavyokaribiana na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Kati ya hayo akachukua moja, lililokuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, yuleyule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Hapa simama, usikimbilie mbele. Kipindi kizuri kipo hapa. Andika ubaoni hatua za Twining: ametoka Afrika Mashariki, ana vipimo vinavyokaribiana, ana tundu. Waulize kila hatua inaondoa watu wangapi na inabakiza wangapi. Tundu la risasi: ni watu wangapi walipigwa risasi ya kichwa nchi hii kati ya 1888 na 1907? Wenyewe watakuorodheshea: Abushiri na vita vya pwani, Lugalo, Kalenga, Majimaji.

Kwenye vipimo, wafanye kwa mikono. Unahitaji vitabu viwili vyenye majalada magumu na rula. Mtoto anakaa ubavu, kitabu kimoja kinagusa paji la uso, kingine kinagusa kisogo, mwenzake anapima nafasi iliyopo katikati. Huo ndio urefu. Kisha vitabu vinahamia pande mbili, juu ya masikio, hiyo ndiyo upana. Gawanya upana kwa urefu, zidisha kwa mia. Hesabu ya Darasa la Saba. Waandike namba zao ubaoni bila majina. Utaona watoto wasio na undugu wowote, mmoja baba yake katoka Makete mwingine Singida, wana namba moja, na ndugu wa tumbo moja wamepishana. Hapo wataelewa bila wewe kusema neno kwamba kipimo kinaweza kusema "huenda ni huyu", lakini hakiwezi kusema "ni huyu na si mwingine".

Nakuomba uwe mkali kwenye jambo moja. Asitokee mtoto wa kusema hiki ni kichwa cha Kihehe na kile cha Kibena. Vipimo hivi ndivyo wasomi wa Ulaya wa enzi zile walivyovitumia kuwapanga wanadamu kwa madaraja, sisi tukawekwa chini, na ndiyo sababu makumbusho yao yalijaa vichwa vya babu zetu. Waambie hilo kabla rula haijashikwa.

Karatasi ya tano nimeiongeza baada ya kustaafu, namsaidia mjukuu wangu. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba kwa kupima vinasaba wamepata ndugu walio hai Tanzania wa mafuvu matatu yaliyokuwa huko, na mojawapo limetambuliwa hadi jina, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi. Twining hakuwa na kipimo hicho. Darasa lijadili: kingeweza kubadilisha nini Kalenga, na nani mwenye haki ya kuamua kama kifanyike?

Mwishoni mwa kipindi nilikuwa nagawa ubao mafungu matatu. Tuna hakika, yawezekana, hatuwezi kusema. Watoto wanasogeza kila sentensi inapostahili na wanatetea. Na angalia kinachojaa kwenye fungu la hakika: kwamba alipigana, kwamba alikataa kukamatwa akiwa hai, kwamba kichwa kilikatwa, kwamba dunia nzima ilikitaja kwenye mkataba, kwamba watu wake walikidai na hawakusahau. Hakuna hata moja linalotikisika kwa sababu tu mtoto ameuliza swali. Kuna mwaka fungu la hakika lilipata sentensi ambayo sikuitarajia, ya kijana aliyekaa nyuma. Alisema tuna hakika kwamba mafuvu 83 yalibaki Bremen na kila moja lilikuwa la mtu. Sikuwa na la kuongeza. Kengele ikalia, hawakutoka.

---

Mafinga_Kazi amejibu:

Mzee shikamoo. Nimesoma yote na nakuheshimu. Lakini tuambiane ukweli wa shule zetu. Mimi nina watoto zaidi ya 80 chumba kimoja, madawati ya watatu wanakaa wanne. Mtihani wa taifa unauliza "eleza sababu sita". Mtoto akiandika "yawezekana" na "hatuwezi kusema" anapata nini? Mwisho wa mwaka afisa elimu ananiuliza ufaulu, haniulizi Twining. Mzazi aliyeuza mahindi anataka mtoto apite. Sisemi ni vibaya, nasema kuna watu wanalipwa kwa matokeo ya kalamu ya Necta na watoto ndio wanaobeba mzigo tukikosea.

---

Ticha_Uyole amejibu:

Mafinga, unachosema ni kweli na mimi naishi hukohuko, Mbeya, darasa kubwa, vitabu vichache. Nikueleze ninavyofanya, upime mwenyewe.

Kwanza si kila mada. Nachagua moja kwa muhula, ile yenye ushahidi ninaoweza kuufikia, nyingine zote nafundisha kama kawaida. Kwa watoto 80 natengeneza makundi kumi, kila kundi nakala moja ya karatasi. Kuandika nakala kumi kwa mkono ni kazi ya jioni moja, na wanafunzi wenye mwandiko mzuri wananisaidia.

Pili, kuhusu "sababu sita". Chukua athari za vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, swali ambalo linarudi sana. Mtoto aliyekariri ataandika "watu wengi walikufa" akaishia hapo. Mimi nawapa makadirio mawili. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu aliyezungumza na wazee walioiona vita, alikadiria 250,000 hadi 300,000. Nawauliza pengo lote hilo limetoka wapi. Wanabishana, mwishowe mmoja anasema labda mmoja kahesabu waliokufa vitani na mwingine kahesabu na waliokufa kwa njaa. Tunakwenda kusoma kwamba Wajerumani walichoma vyakula na mashamba ili kuwavunja watu kwa njaa. Sasa huyo mtoto kwenye mtihani anaandika hoja ya vifo, hoja ya njaa, hoja ya watu kuhama na mashamba kugeuka pori, na kila hoja ina maelezo chini yake, kwa sababu alizipata akitafuta jibu la kitu kilichokuwa kinamsumbua. Msahihishaji anatoa alama kwa maelezo. Hoja tupu haina alama nyingi, hilo unalijua kama umewahi kusahihisha.

Tatu, na hili nalipenda kuliko yote. Huku kwetu reli ya TAZARA ipo kwenye muhtasari kama mstari mmoja: ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, 1970 hadi 1975, kilomita 1,860, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mimi nawatuma watoto kwa wazee waliofanya kazi kwenye reli. Swali ni moja tu, reli ilifika lini Mbeya? Majibu yanatofautiana, watoto wanarudi wamekasirika wanasema wazee wanadanganya. Nawarudisha. Muulize mzee anakumbuka nini hasa. Mmoja anakumbuka siku Wachina walipolaza mataruma nyuma ya shamba lao la kahawa. Mwingine anakumbuka siku alipopanda treni yenye abiria kwa mara ya kwanza. Wote wanasema kweli, ni matukio mawili. Kuna mzee alitoa kitambulisho chake cha kazi kutoka kwenye mkebe wa kahawa, kimefungwa na nailoni, picha yake ya ujana bado inaonekana na mhuri umefifia upande mmoja. Aliyekwenda kwake alikinakili chote daftarini, hadi namba. Mtoto yule leo hakubali tarehe yoyote kwenye kitabu bila kuuliza ni tarehe ya nini. Kaniuliza mimi ni nani alichagua kwamba TAZARA ilimalizika 1975 wakati makabidhiano yalikuwa 1976.

Na hili la kutuma watoto kwa wazee halikuanza na mimi. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walitawanywa vijijini, kusini yote, wakakusanya masimulizi ya wazee wa Majimaji. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu vita ile kwa mdomo wa waliopigana ilitoka kwa vijana wenye daftari na kalamu.

---

Binti_Kalenga amejibu:

Kamweneni. Mimi si mwalimu, nimezaliwa Kalenga, sasa nafanya biashara mjini. Nimeona mwalimu anaogopa wazee, naomba nimtoe hofu kidogo na nimwongezee kidogo.

Wazee wa kwetu hili swali wanalijua, wanalizungumza wenyewe. Wanachokataa ni dharau. Mtoto akija na "eti fuvu ni la uongo?" atafukuzwa, na mimi nitasaidia kumfukuza. Lile fuvu kwetu ni msiba wa baba yetu. Aje na mzazi au mwalimu, asalimie, akae chini, aseme ametumwa kujifunza. Aulize "bibi, ninyi mlisikiaje habari za kichwa kabla hakijarudi? Uliambiwa na nani? Siku kilipokuja ulikuwa wapi?" Hapo ataelezwa hadi jua lizame.

Bibi yangu alikuwa msichana mwaka 1954. Ukimuuliza siku ile, anakuambia walitoka nyumbani alfajiri kwa miguu, baridi ya Juni, yeye amembeba mdogo wake mgongoni. Watu walikuwa wengi, alichokiona yeye ni migongo na kofia. Gavana hakumwona. Fuvu hakuliona siku ile. Mambo ya fuvu, tundu, nani kapokea, alisimuliwa na baba yake usiku huo kwenye moto. Lakini ukimsikiliza anavyosimulia utadhani alikuwa mstari wa mbele. Nilipokuwa mdogo niliamini ameona yote. Nimekuja kumuuliza taratibu nikiwa mkubwa, "bibi, hilo uliliona au uliambiwa?" na hakukasirika hata kidogo. Alinyamaza akafikiri, akanitenganishia: hili niliona, hili baba alisema, hili watu walikuwa wanasema. Kwa hiyo mfundishe mtoto swali hilo hilo, liulizwe kwa upole. Na wazee waliokuwa na akili timamu siku ile wanazidi kupungua, mwalimu. Usingoje mwakani.

---

TichaKilolo ameandika:

Nashukuru sana, sikutegemea. Mzee Gangilonga, zile karatasi nimeshaanza kuzinakili. Ticha Uyole, ya 75,000 na 300,000 nitaitumia Kidato cha Tatu muhula huu. Binti Kalenga, bibi mpe shikamoo yangu, na kama hautajali nitakutafuta tupange namna ya kuja na watoto wachache.

Nina Alhamisi vipindi viwili vimeungana, dakika 80, nitaanza hapo. Limebaki moja linanitatiza. Historia Kidato cha Pili tunafundisha na kupima kwa Kiingereza. Wakibishana kwa Kiingereza watabishana wale watano wanaokijua, na huyo binti ataninyamazia tena.

---

MzeeGangilonga amejibu:

Ubishi uwe kwa Kiswahili. Karatasi ziandike kwa Kiswahili. Dakika ishirini za mwisho ndizo za Kiingereza: kila kundi liandike aya moja ya hitimisho lao, na wewe ubaoni umewawekea sentensi tatu nne za kuanzia, za kusema una hakika, za kusema huna hakika, za kutaja nani kasema. Mtoto ambaye tayari ana jambo la kusema anayatafuta maneno, ambaye hana hata umpe kamusi hatakuandikia kitu. Na kama shuleni kwenu mmeanza Historia ya Tanzania na Maadili, ongea na anayeifundisha mshirikiane, somo lile ni la Kiswahili na mada ya upinzani dhidi ya wakoloni imo.

Halafu Alhamisi usijaribu karatasi zote tano. Anza na Merkl na Twining, zinatosha dakika 80 pamoja na kupima vichwa. Ya Byatt na ya Versailles ziwe wiki inayofuata, kwa sababu ukizileta mapema watoto wanashika habari ya mkataba na kusahau ushahidi. Ukifika 1954 wape na kalenda ya mwaka ule: Kenya iko kwenye hali ya hatari tangu 1952, fuvu linakabidhiwa 19 Juni, na TANU inazaliwa 7 Julai, hata wiki tatu hazijapita. Waulize Twining alikuwa anatafuta nini Kalenga zaidi ya kurudisha fuvu. Hapo ndipo watakapoirudia karatasi ya Byatt wenyewe, nawe hutakuwa na haja ya kuwaelekeza.

Zangu za zamani bado ninazo kwenye faili, zimechakaa lakini zinasomeka. Jumamosi nikishuka mjini nitazipiga picha niziweke hapa, na Mafinga naye achukue.

---

Mafinga_Kazi amejibu:

Nazisubiri mzee. Ile ya makadirio ya Majimaji nitaijaribu Kidato cha Tatu mkondo B kwanza, nikiona maelezo yao ya hoja yameongezeka nahamia na mkondo A. Ticha Uyole, hizo sentensi za makadirio unaziandika kwenye karatasi moja au mbili tofauti?

---

Ticha_Uyole amejibu:

Mbili tofauti, na kundi moja lipate ya Wajerumani tu, kundi jingine ya Gwassa tu. Wasijue kwamba kuna nyingine mpaka wakianza kusomeana.